Msomi wa Utawala na Kazi ya Kukisemea Chuo Kikuu

(Yafuatayo ni mazungumzo ambayo mwandishi aliyatoa mbele ya walimu na watumishi wa umma huko Iringo, mjini Musoma.)



Nilipopokea barua yenu nilidhani mnataka nizungumzie kazi ya uandishi wa habari, jambo ambalo mwandishi yeyote hulizungumzia hata bila ya kuombwa. Lakini jana jioni, nikiwa nimekaa na mwenyeji wangu tukipunga upepo wa ziwa, alitujia mwalimu mmoja mstaafu. Baada ya maamkizi akaniuliza swali lililonifanya niyaweke kando yote niliyokuwa nimeyaandika.

Alisema: "Mwanangu, nasikia wewe ulisoma siasa na utawala wa umma chuo kikuu, na leo unaandika gazetini. Binti yangu naye amesoma hayo hayo. Huu ni mwaka wa tatu yuko nyumbani. Ameomba kazi ya afisa uhusiano katika vyuo vikuu viwili, akaambiwa kwamba hakuisomea kazi hiyo. Sasa niambie, nilikosea kumsomesha?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale pale. Mzee wangu huyo yumo humu ukumbini, na kwa ruhusa yake nitajaribu kumjibu mbele yenu, maana naamini kwamba swali lake ni la wazazi wengi waliomo humu.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwa watu wengi, afisa uhusiano wa chuo ni yule kijana nadhifu anayempokea mgeni rasmi, anayehakikisha kwamba viti vya mbele vina vitambaa, na kwamba mpiga picha hachelewi wakati hundi inapokabidhiwa. Kama hiyo ndiyo kazi, basi binti wa mwalimu hakuhitaji kukaa miaka mitatu akisoma jinsi Bunge linavyopitisha makadirio ya fedha, au tofauti ya madaraka ya Waziri na ya Katibu Mkuu wake, au sababu zinazofanya uamuzi uliotolewa Dodoma ufike Bunda ukiwa umechoka. Lakini hiyo si kazi. Hiyo ni sehemu yake ndogo, nayo ndiyo inayoonekana.

Nitatoa mfano uliotokea kwangu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kwenda katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kufuatilia habari kwamba wanafunzi hawajapata fedha za kujikimu, zile ambazo wenyewe wanaziita "bumu". Nilipofika niliona makundi makundi chini ya miti, na ilikuwa dhahiri kwamba siku ya pili yake wangeandamana. Mkuu wa ofisi ya uhusiano alinipa karatasi yenye aya tatu. Aya ya kwanza iliusifu uongozi wa chuo, ya pili ikawahimiza wanafunzi wawe watulivu, na ya tatu ikausifu uongozi tena. Neno "fedha" halikuwamo.

Nilipokuwa natoka, msaidizi wake, dada mmoja aliyesomea utawala wa umma, aliniita pembeni. Akachukua penseli na nyuma ya karatasi ile ile akanichorea njia. Hapa Hazina, hapa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hapa chuo, hapa benki, na hapa mwanafunzi. Kisha akatia alama ya mkasi kati ya chuo na Bodi. Akasema: "Zimekwama hapa. Bodi haitoi fedha za mwanafunzi anayeendelea na masomo mpaka iletewe matokeo yake ya mitihani. Kitivo chetu kimoja kilichelewa. Kosa ni letu. Matokeo yamepelekwa juzi." Nikamuuliza kama naweza kuyaandika hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema niandike.

Habari niliyoiandika haikukisifu chuo wala haikukichafua. Ilisema fedha ziko wapi, kwa nini ziko huko, na nani amefanya nini ili zitoke. Maandamano hayakuwapo. Nilisikia baadaye kwamba yule dada aliitwa kujieleza, na hilo nalo ni lazima niliseme, kwa kuwa sitaki kijana yeyote adhani kwamba njia hii haina miiba.

Ndugu walimu, nataka mwone ni nini alichokuwa nacho yule dada ambacho mkuu wake hakuwa nacho. Kalamu nzuri si hoja. Mkuu wake aliandika Kiswahili fasaha kuliko yeye. Alichokuwa nacho ni kujua jinsi serikali inavyofanya kazi: nani anaamua, nani anaidhinisha, karatasi inalala wapi, na nani ana wajibu wa kumjibu nani. Hayo ndiyo masomo ya utawala wa umma. Ustadi wa kuandika taarifa kwa magazeti unaweza kufundishwa kwa miezi. Kuijua njia ya uamuzi ndani ya taasisi ya umma kunachukua muda mrefu zaidi, na asiyeijua atabaki kuandika sifa, si kwa sababu ni mnafiki, bali kwa sababu hana kitu kingine cha kuandika.

Na tusidhani kwamba jambo hili limezuliwa juzi. Wazee waliomo humu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Iliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ilijitegemea mwaka 1975. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara huona kwamba hatujafanya tena kitu cha namna ile. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, kila kikundi na redio yake, na kitabu, na kiongozi aliyefundishwa. Viongozi hao walizidi 70,000. Walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana habari za malaria na kichocho na kuhara, kisha wakatoka nje na kufanya jambo. Walichimba vyoo, wakafyeka majani, wakachemsha maji ya kunywa.

Tazameni utaratibu wake. Mtu aliyekaa Dar es Salaam na kuandika maandishi mazuri kuhusu mbu asingeweza kuuanzisha. Ulihitaji watu waliojua kwamba kati ya Wizara na kijiji kuna mkoa, wilaya, tarafa na kata. Kwamba kila ngazi ina kamati yake na mtu wake. Kwamba redio ikizungumza kabla vitabu havijafika, wananchi watasikiliza mara moja na hawatarudi. Kwa maneno mengine, ulihitaji wasomi wa utawala waliokubali kufanya kazi ya mawasiliano. Mwananchi hakuambiwa kwamba chuo kikuu ni kizuri. Alipewa kitu, na akajua kimetoka wapi.

Sasa tugeuke tuangalie upande wa pili, pale daraja linapokosekana.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho siku hizo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliungana na wenzao wa vyuo vingine wakaandamana mpaka Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Walipinga sheria ya kuwapeleka wasomi Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo iliwataka wafanye kazi miezi 18 kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza. Kisha akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Wengi wao walipokewa tena baadaye. Historia imekwisha kuuhukumu msimamo wa wanafunzi wale, nami sina la kuongeza. Lakini huwa najiuliza: chuo kilikuwa kimehamia Mlimani mwaka 1964, na katika miaka ile miwili, ni nani kazi yake ilikuwa kuwaeleza wanafunzi jinsi mkulima anayelipa kodi anavyowaona, na kumweleza mkulima kile kinachofanyika kule juu? Pande mbili zilikutana kwa mara ya kwanza katika uwanja wa Ikulu, zote zikiwa zimekasirika.

Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 2017. Mwezi Aprili yalizinduliwa mabweni mapya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Lilikuwa jambo kubwa, na wanafunzi wengi waliondokana na adha ya kupanga vyumba mitaani. Desemba mwaka huo huo picha za nyufa katika majengo hayo zikaenea katika mitandao ya kijamii. Wakala wa Majengo ukaeleza kwamba zile ni nafasi zilizoachwa makusudi kati ya sehemu moja ya jengo na nyingine, ili jengo liweze kutanuka na kusinyaa bila ya kuharibika. Wakati huo maneno yalikuwa yamekwisha kusambaa, na mwanafunzi mmoja alikamatwa na polisi kwa sababu ya picha zile. Sina nia ya kuamua hapa suala la wahandisi. Ninalolisema ni la mpangilio: picha zilitangulia, maelezo yakafuata. Ukurasa mmoja uliobandikwa kwenye mlango wa kila bweni siku ya kuhamia, wenye mchoro na maneno ya kawaida, ungegharimu kiasi gani?

Hapo ndipo kazi ilipo. Afisa wa namna hiyo hana budi kukaa katika kikao kabla ya uamuzi, si kuitwa baada ya moto kuwaka. Na ili akae katika kikao, awe mtu anayeelewa kinachosemwa humo.

Lipo na suala la sheria. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupata habari, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka kila taasisi ya umma iteue afisa wa kushughulikia maombi ya taarifa na kumjibu mwombaji katika muda usiozidi siku 30. Vyuo vikuu vya umma vimo. Nawauliza ndugu watumishi: ni nani aliyesoma sheria za namna hii darasani, akazifanyia mtihani? Ni yule yule ambaye tangazo la kazi linamwacha nje.

Naam, tuje kwenye tangazo la kazi, maana mzee wangu hakuja hapa kusikiliza historia. Matangazo mengi ya nafasi za maofisa uhusiano na maofisa habari, yanayotolewa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hutaja shahada ya uandishi wa habari, ya mawasiliano ya umma, au ya uhusiano wa umma. Aliyesoma siasa na utawala hatajwi. Siwalaumu wanaoandika matangazo hayo. Wanafuata miundo ya utumishi iliyopo. Lakini miundo huandikwa na watu, na wengine wao huenda wamo humu ndani. Ipo haja ya kuitazama upya.

Kwa wakati huu ambapo mlango wa mbele umefungwa, ipo milango mingine miwili ninayoifahamu. Wa kwanza ni kuongeza stashahada ya uzamili katika mawasiliano ya umma. Shule ya uandishi wa habari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1975 leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa sisi wa kanda hii kuna Mwanza, ambako taasisi ya Nyegezi, iliyoanza kufundisha waandishi tangu miaka ya 60, mwaka 1998 ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Ni gharama, najua, na mzazi aliyekwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya shahada ya kwanza hapendi kusikia habari ya stashahada.

Mlango wa pili hauhitaji ada, ila unahitaji unyenyekevu, nao ulifunguliwa mjini humu humu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana hapa Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Wengi tunalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote. Lakini Azimio lile lilisema pia kwamba kijana akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Apite kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi si chini ya miaka miwili, na walio naye kazini watoe maoni yao juu yake. Utaratibu huo ulilegezwa, na mwishowe ukaachwa. Ulikuwa na matatizo yake, hasa kwa wasichana na kwa masomo ya sayansi, wala sipendekezi urudishwe. Lakini ndani yake mlikuwa na wazo ambalo kijana wa leo anaweza kulitumia kwa hiari yake: kwamba shahada na kazi havifuatani kwa mstari ulionyooka.

Msomi wa utawala anayetaka kufika katika ofisi ya uhusiano ya chuo kikuu anaweza kupitia ofisi ya mtendaji wa kata. Akaandike mihtasari ya Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha aigeuze kuwa tangazo ambalo mama muuza dagaa pale mwaloni atalisoma na kulielewa. Anaweza kupitia gazetini au redioni, kama nilivyopitia mimi. Anaweza kuingia chuoni kama afisa utawala, akaonekana. Marehemu Benjamin Mkapa alipata shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962, akasoma mambo ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, akaingia Mambo ya Nje, na mwaka 1966 akakabidhiwa uhariri wa magazeti ya Chama. Baadaye akawa mwandishi wa habari wa Rais, na mwaka 1976 mkurugenzi wa kwanza wa SHIHATA. Shahada yake ya kwanza haikuwa ya kazi hiyo. Mtaniambia kwamba siku hizo wasomi walikuwa wachache na kila aliyejua kusoma alipewa ofisi. Ni kweli, na sitaki kumdanganya kijana yeyote kwamba hali ni ile ile. Leo kwa nafasi moja wanajipanga mamia. Ndiyo maana anayekwenda na shahada peke yake hataonekana, na anayekwenda na kurasa kumi alizoziandika kwa ajili ya watu halisi ana nafasi kidogo zaidi.

Walimu wenzangu, naomba radhi kwa kuwaita hivyo, katika jambo hili nanyi mna sehemu yenu. Ufupisho mnaoufundisha katika somo la Kiswahili, ambao wanafunzi huuona kama adhabu ya kuhesabu maneno, ndiyo kazi yenyewe ya afisa uhusiano. Ripoti ya kurasa 80, maneno 200, bila ya kupoteza lililo muhimu na bila ya kuongeza uongo. Laiti ningeambiwa hivyo nikiwa kidato cha pili, ningekaa macho.

Nasema haya yote Musoma kwa sababu maalumu. Si mbali sana kutoka hapa, Butiama, kinajengwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Kwa mara ya kwanza mkoa wa Mara una chuo kikuu cha umma chenye mizizi yake hapa. Kimo katika mradi wa elimu ya juu wa mwaka 2021, ambao Benki ya Dunia iliukopesha taifa dola milioni 425, fedha zitakazolipwa na sisi na watoto wetu. Chuo cha kilimo kitakachozungumza na wakulima kwa Kiingereza cha majarida hakitakuwa na maana kwa Mzanaki, Mkurya au Mjita ambaye mihogo yake inaoza mizizi kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Watafiti watafanya utafiti wao. Lakini ni nani atakayejua kwamba habari hiyo ipitie kwa afisa ugani yupi, ifike katika mkutano gani wa kijiji, na kabla ya mvua zipi?

Sasa mzee wangu, nakujibu. Jana usiku nilikuomba umwambie binti yako aandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, kumweleza mkulima anayekaa jirani na chuo kile kitamhusu nini, na akiwa na shida amwendee nani. Asubuhi aliniletea. Nimekata sentensi tatu ambazo zilikuwa za darasani mno. Zilizobaki sikuzigusa. Chini kabisa alikuwa ameongeza, bila ya mimi kumwomba, maswali ambayo alidhani mkulima angeuliza. Moja lilikuwa hili: chuo kikiweka uzio, ng'ombe watapita wapi kwenda kunywa maji, na ombi la njia hiyo linapelekwa kwa Halmashauri au kwa chuo?

Mimi nilikuwa nimekaa na wazo la chuo hicho kwa wiki nzima, na sikuwa nimewaza ng'ombe.

Nimemwambia aupeleke ukurasa huo Butiama yeye mwenyewe, mkononi, na aombe kuonana na anayeshughulikia uhusiano, si kwa kuomba ajira bali kwa kuomba jibu la swali lile. Amesema atakwenda Jumatatu.